JOSEPH LANCASTER, MWALIMU WA WATOTO ELFU MOJA

Wahenga walinena kwamba usione vyaelea, vimeundwa. Kila asubuhi twaingia darasani na kumkuta monita akiandika majina ya wapiga kelele. Twagawanywa katika vikundi. Mwenzetu anaitwa ubaoni atufanyie hesabu, nasi twamsikiliza. Mambo haya twayaona kama mvua na jua, kana kwamba yalikuwepo tangu dunia iumbwe. La hasha! Yaliundwa na watu, na watu hao walikuwa na majina, madeni na maadui.

Mwaka huu nimeamua kuwasimulia maisha ya mmoja wao, Joseph Lancaster. Huyu alikuwa Mwingereza aliyedai kwamba mwalimu mmoja anaweza kufundisha watoto elfu moja katika chumba kimoja. Naam, elfu moja! Sisi katika kidato chetu tu sitini na kitu, na tayari tumebanana kwenye madawati kama dagaa mkebeni. Basi niliposoma habari hiyo nilitaka kujua aliwezaje, watoto wenyewe walifaidika vipi, na mwisho wake ulikuwa upi.

Lancaster alizaliwa tarehe 25 Novemba 1778 katika mtaa wa Southwark, upande wa kusini wa mto Thames, jijini London. Baba yake alikuwa askari mstaafu aliyepigana katika vita vya Marekani, kisha akawa fundi wa kutengeneza chekeche. Haikuwa familia ya kitajiri, na majirani walikuwa maskini zaidi. Tukumbuke kwamba siku hizo serikali ya Uingereza haikutoa hata senti moja kwa shule za watoto wa maskini. Pesa za kwanza kutoka bungeni zilitolewa mwaka 1833, nazo zilikuwa pauni 20,000 tu. Kabla ya hapo, mtoto wa maskini alisoma ikiwa kanisa au mfadhili fulani alimhurumia. Wengi walifanya kazi wakiwa wadogo, au walirandaranda tu mitaani.

Akiwa na umri wa miaka kumi na minne, yaani mdogo kuliko wengi wetu hapa, Lancaster alisoma insha ya Thomas Clarkson juu ya biashara ya watumwa. Maneno yale yalimchoma moyo. Bila kuwaaga wazazi wake alitoka nyumbani, akashika njia ya kwenda Bristol kwa miguu. Nia yake ilikuwa kupanda meli hadi Jamaica akawafundishe watumwa weusi kusoma neno la Mungu. Alipofika Bristol hakuwa na pesa hata kidogo. Afanyeje? Akajiandikisha katika jeshi la wanamaji. Mabaharia walimcheka kwa kupenda kwake dini wakampa jina la utani la Kasisi. Baadaye marafiki wa familia walimwombea ruhusa akarejeshwa nyumbani.

Jamaica hakufika. Lakini ukiniuliza mimi, safari hiyo inatuonyesha tabia yake yote. Moyo wake ulikuwa mkubwa na miguu yake ilikuwa myepesi, ila hakuwa mtu wa kuhesabu pesa kabla ya kuondoka. Tabia hii ndiyo iliyomjenga, na ndiyo iliyokuja kumbomoa.

Aliporudi alijiunga na Marafiki, wale wanaoitwa pia Quaker. Sisi wa Kenya hatuwezi kuwaona Marafiki kuwa wageni, kwa kuwa wamisionari wao walifika Kaimosi mwaka 1902, na hadi leo shule nyingi za magharibi mwa nchi yetu zina jina lao. Marafiki walipinga utumwa, walipinga vita, na waliamini kwamba kila binadamu ana nuru ya Mungu ndani yake. Kwa kijana aliyetaka kufundisha maskini, hapo ndipo palipokuwa nyumbani kwake.

Mwaka 1798, akiwa barobaro wa miaka kumi na tisa hivi, alianza kufundisha watoto katika nyumba ya babake. Baada ya muda si mrefu alihamia chumba kikubwa zaidi katika barabara iitwayo Borough Road. Nje aliweka tangazo lililowaalika wote wenye kutaka walete watoto wao wasome bure, na asiyependa cha bure aliruhusiwa kulipa. Watoto walikuja kama siafu. Wengine walikuja na njaa, na wakati wa dhiki Lancaster alibisha milango ya matajiri kuomba pesa za kuwapikia chakula. Dada zake nao wakawafundisha wasichana.

Hapo ndipo tatizo lilipozuka. Watoto walikuwa mamia, mwalimu alikuwa mmoja, na pesa za kuwaajiri wasaidizi hazikuwepo. Kidole kimoja hakivunji chawa. Lancaster alitazama huku na huku akaona kwamba hazina yake ilikuwa imeketi mbele yake. Aliwachagua wavulana waliojua zaidi, akawapa kila mmoja wenzake kumi hivi awafundishe. Hao aliwaita monita, ama kwa lugha yetu viranja. Kwa hivyo asubuhi mwalimu aliwafundisha viranja, kisha viranja wakawafundisha wenzao.

Hebu tuingie ndani ya chumba hicho tujionee. Ni chumba kimoja kirefu kisicho na kuta za kutenganisha madarasa. Madawati yamepangwa safu kwa safu, yote yakitazama mbele ambako mwalimu ameketi mahali palipoinuka. Nafasi ni haba mno hata kofia hazina pa kuwekwa, kwa hivyo kila mvulana amefunga uzi kwenye kofia yake na kuining'iniza mgongoni. Amri ikitolewa, wote wanafanya kitendo kimoja kwa wakati mmoja, kama askari gwarideni.

Mbele kabisa wameketi wale wa herufi. Hawana karatasi wala kalamu. Dawati lao lina kingo pande zote, na ndani yake mmetandazwa mchanga mkavu. Kiranja anachora herufi, nao wanaifuatisha kwa kidole. Kisha mchanga unasawazishwa, wanaanza tena. Nadhani wengi wetu tulianza vivyo hivyo tukiwa chekechea, kidole chini, vumbi puani. Wanaowafuata wana vibao vya mawe. Kiranja anataja neno, wote wanaliandika, na kwa amri moja vibao vinainuliwa juu ili vikaguliwe.

Vitabu navyo vilikuwa ghali kama dhahabu. Lancaster akatafuta ujanja. Alipiga chapa kurasa kwa herufi kubwa, akazibandika kwenye mbao na kuzitundika ukutani. Kikundi cha watoto kilisimama nusu duara mbele ya ubao kikasoma, halafu kikapisha kingine. Kwa njia hiyo kitabu kimoja kilitosha shule nzima badala ya kila mtoto kununua chake. Jamani, mtu aliyewahi kusoma kitabu kimoja cha fasihi pamoja na wenzake wanne anaelewa vizuri akili ya jambo hili!

Palikuwa na jambo jingine ambalo kwangu ni la busara kubwa. Mtoto hakuwekwa katika darasa moja kwa kila somo. Aliyekuwa hodari wa hesabu lakini mzito wa kusoma aliketi na wakubwa wakati wa hesabu, na wakati wa kusoma akaketi na wadogo. Akielewa anapanda, hata kama ni katikati ya muhula. Hakuna aliyengoja mwisho wa mwaka.

Viranja wenyewe walikuwa wa kila aina. Kulikuwa na kiranja wa kusomesha, kiranja wa kuuliza maswali ili kuona ni nani yuko tayari kupanda darasa, kiranja wa kujua nani hayupo na kwa nini, kiranja wa vibao, hata kiranja wa kupiga mistari karatasini. Juu yao wote alikuwepo kiranja mkuu. Waliofanya vizuri walipewa tikiti, na tikiti hizo zilibadilishwa kwa zawadi kama vile mipira, pia na tiara. Aliyekuwa wa kwanza alivaa alama shingoni, na mwenzake akimshinda kwa jibu sahihi aliichukua na kusimama mahali pake.

Mwaka 1803 Lancaster alichapisha kitabu kuhusu mfumo huu. Sifa zilienea. Mabwana na mabibi wakubwa walikuja kutazama jinsi mamia ya watoto wa mitaani walivyotulia kimya wakiandika. Mwaka 1805 Lancaster alikutana na Mfalme George wa Tatu, ambaye alimwahidi pauni 100 kila mwaka na kusema anatamani kila mtoto maskini katika nchi yake aweze kusoma Biblia. Mtoto wa fundi wa chekeche akawa mgeni wa mfalme!

Lakini penye urembo ndipo penye urimbo. Kulikuwa na kasisi Mskoti, Andrew Bell, ambaye alikuwa msimamizi wa nyumba ya mayatima wa kiume mjini Madras, Bara Hindi. Huko Bell alikuwa amewaona watoto wa Kihindi wakijifunza kuandika kwa vidole mchangani. Akataka walimu wake wafanye vivyo hivyo, walimu wakakataa. Ndipo akamchukua mvulana wa miaka minane akamwambia awafundishe wadogo zake, na ikawezekana. Bell aliandika habari hizo mwaka 1797, yaani kabla Lancaster hajachapisha kitabu chake.

Hapo kukazuka mabishano makali ya nani alianza. Fahali wawili hawakai zizi moja. Kwa kweli ugomvi haukuwa wa mchanga na vibao tu, bali ulikuwa wa dini. Lancaster alitaka shule zake zipokee watoto wa madhehebu yote, wasome Biblia bila kufundishwa mafundisho ya kanisa moja. Wakubwa wa Kanisa la Uingereza waliogopa, wakamshika Bell. Mwaka 1811 walianzisha chama chao cha kueneza shule za Bell, huku marafiki wa Lancaster wakiwa na chama chao tangu mwaka 1808. Uingereza yote ikagawanyika, huku Bell, huku Lancaster. Nami nikisoma habari hizo nilijiambia kwamba huenda wote wawili walikuwa na deni kwa wale watoto wa Kihindi waliokuwa wakichora mchangani kabla ya Mzungu yeyote kuwatazama.

Sasa nije kwenye adhabu, maana siwezi kumsifu mtu nikaficha upande wa pili. Lancaster, kama Rafiki, hakupenda kiboko. Jambo hilo lilikuwa geni wakati ule, kwa sababu katika shule nyingi fimbo ndiyo iliyokuwa mwalimu mkuu. Sisi hapa Kenya viboko shuleni vilipigwa marufuku mwaka 2001, karibu miaka mia mbili baadaye. Lakini badala ya kiboko Lancaster aliweka aibu. Aliyezungumza ovyo alifungwa gogo la mti shingoni. Wengine walifungwa miguu kwa vipande vya mbao wakazungushwa chumbani hadi wachoke. Wengine walitiwa katika kikapu na kuinuliwa hadi karibu na dari, wenzao wakiwatazama na kuwacheka. Aliyekuja mchafu aliletewa msichana amwoshe uso mbele ya shule nzima.

Walimu wangu, naomba niseme kwa heshima. Kiboko huuma mwili na maumivu yake yana mwisho. Lakini mtoto anayeninginizwa juu achekwe na mamia ya wenzake, jeraha lake liko wapi na dawa yake ni ipi? Lancaster aliwapenda watoto, hilo sina shaka nalo. Ila mtu aweza kuwapenda watoto kwa jumla yao, kisha akamsahau mmoja aliye ndani ya kikapu.

Turudi kwenye maisha yake. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Kadiri sifa zilivyoongezeka, ndivyo matumizi yake yalivyozidi. Alisafiri huku na huko kutoa hotuba, akafungua shule mpya kabla ya kulipia za zamani, na akawakaribisha watu kwa ukarimu usio na kipimo. Madeni yakafika maelfu ya pauni. Watu wawili, Joseph Fox na William Allen, waliingilia kati ili kuiokoa shule, wakaunda kamati ya kusimamia fedha. Badala ya kushukuru, Lancaster aliona amenyang'anywa mtoto wake. Aligombana na kamati, na mwaka 1814 chama kilibadilishwa jina, jina la Lancaster likaondolewa. Alijaribu kufungua shule yake mwenyewe mahali paitwapo Tooting, akafilisika. Wakati huo wote mkewe alikuwa mgonjwa wa akili, na nyumbani hakukuwa na raha.

Mwaka 1818 alivuka bahari hadi Marekani. Huko jina lake lilikuwa limemtangulia. Katika jiji la New York shule iliyotumia mfumo wake ilikuwa imefunguliwa tangu mwaka 1806. Alipokelewa kwa shangwe, akafundisha Philadelphia na Baltimore, lakini kama kawaida yake pesa na masikizano havikudumu.

Ndipo alipoitwa na Simón Bolívar, yule shujaa aliyezikomboa nchi kadhaa za Amerika ya Kusini kutoka kwa Wahispania. Bolívar alikuwa amemfahamu Lancaster alipozuru London mwaka 1810, na aliamini kwamba wananchi waliopata uhuru bila kujua kusoma ni wananchi nusu. Mwaka 1824 Lancaster alielekea Caracas. Huko alioa mke wa pili, mjane, baada ya mke wa kwanza kufariki, na Bolívar mwenyewe alihudhuria harusi. Bolívar alikuwa amemwahidi pesa nyingi kwa ajili ya shule, lakini sehemu kubwa ya pesa hizo haikupatikana, na baada ya miaka michache Lancaster aliondoka mikono mitupu. Akaenda Canada, akafungua shule Montreal, nayo pia haikusimama. Akarudi Marekani.

Mwezi wa Oktoba 1838, akiwa katika barabara ya jiji la New York, aligongwa na gari la farasi. Alifariki kutokana na majeraha hayo akiwa hajatimiza miaka sitini. Mshindani wake Bell alikuwa amekufa mwaka 1832 akiwa tajiri, akazikwa kwa heshima katika kanisa la Westminster Abbey. Lancaster alikufa maskini, mbali na Borough Road. Ama kweli dunia ni rangi rangile.

Mfumo wake hata hivyo ulikuwa umesambaa duniani. Ulifika Ufaransa, Urusi na Amerika ya Kusini. Ulifika hata huku kwetu Afrika. Katika kisiwa cha Madagascar, Mfalme Radama wa Kwanza aliwakaribisha wamisionari kuanzia mwaka 1820, na shule zao zilitumia viranja. Radama aliwapeleka pia vijana wake Uingereza wakasome.

Je, twaweza kujifunza nini kutoka kwa huyu bwana? Mimi nimepima mambo matatu.

Kwanza, mwanafunzi anaweza kumfundisha mwanafunzi. Hilo si ndoto. Sisi wa shule ya kutwa twalijua vizuri. Kikundi chetu cha hesabu hukutana saa kumi jioni kabla ya kurudi nyumbani. Tangu nianze kuwaeleza wenzangu logarithimu, nimezielewa mara mbili zaidi ya nilivyozielewa mwalimu aliponifundisha. Ukimfafanulia mwenzako, wewe mwenyewe waona palipo na tundu. Isitoshe, mwenzangu haogopi kuniambia hajaelewa, ilhali mbele ya mwalimu angeitikia tu kwa kichwa. Hapo Lancaster aliona kweli.

Pili, na hapa ndipo penye kiini cha habari yangu, kiranja hawezi kutoa alichokosa kupewa. Lancaster aliandika kwamba kwa kutumia karatasi yake ya maelekezo, hata mvulana wa miaka minane anayejua kusoma tu anaweza kufundisha hesabu za kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawanya. Kiranja alisoma karatasini kwamba sita na nne ni kumi, wenzake wakaandika kumi. Haikuwa lazima aelewe. Lancaster aliona hayo kuwa sifa ya mfumo wake, lakini mimi naona ndiyo kasoro yake kubwa. Siku moja katika kikundi chetu mwenzetu mmoja aliuliza kwa nini namba yoyote isiyo sufuri ikipewa kipeo cha sufuri jibu ni moja. Si jibu, kwa nini. Sote tulinyamaza. Jibu tulilijua, kila mmoja alikuwa amelikariri, lakini sababu hakuna aliyekuwa nayo. Kesho yake tulimpelekea mwalimu, naye alitumia dakika tano na kipande cha chaki, akatupitisha ngazi kwa ngazi kutoka kipeo cha tatu, cha pili, cha kwanza, hadi sufuri yenyewe ikajieleza. Dakika tano hizo hakuna kiranja ambaye angeweza kuzitoa. Watoto wa Borough Road walikuwa na nani wa kumpelekea kwa nini yao? Mwalimu alikuwa mmoja, nao walikuwa mamia.

Waingereza wenyewe walikuja kuliona jambo hili. Mwaka 1846 serikali yao ilianzisha mpango wa kuwachukua vijana wa kuanzia miaka kumi na mitatu, kuwafundisha kazi ya ualimu kwa miaka mitano chini ya mwalimu mkuu na kuwalipa. Polepole viranja wadogo walitoweka. Shule ya Borough Road ikawa chuo cha walimu, mojawapo ya vya kwanza kabisa katika nchi hiyo, na baada ya mabadiliko mengi kikaja kuunganishwa na Chuo Kikuu cha Brunel mwaka 1995. Kwa hivyo alama kubwa aliyoiacha mtu aliyeonyesha kwamba watoto elfu wanaweza kusoma kwa mwalimu mmoja ni chuo cha kuongeza walimu. Nalifurahia sana jambo hili.

Tatu, urahisi una bei yake. Wafadhili wengi waliusifu mfumo huu kwa sababu ulikuwa wa gharama ndogo, na shule hizi zilikusudiwa maskini. Hapa kwetu, elimu ya msingi bila malipo ilipoanza mwaka 2003, na ruzuku ya sekondari ilipofuata mwaka 2008, watoto wengi ambao wangebaki nyumbani waliingia darasani. Mimi ni mmoja wa matunda ya mpango huo, siwezi kuubeza. Heri darasa lililojaa kuliko lango lililofungwa. Lakini kufungua lango ni nusu ya safari. Nusu ya pili ni kuhakikisha kwamba ndani mna mwalimu mwenye nafasi ya kusikia swali la mtoto wa safu ya nyuma.

Nimewatazama walimu wetu kwa makini tangu nianze kusoma habari hizi. Yuko anayetuandikia ubaoni mwanzo hadi mwisho. Yuko anayetuuliza maswali mpaka jibu litoke vinywani mwetu. Yuko anayetugawanya vikundi kisha akaketi kusahihisha vitabu. Na yuko anayetugawanya vikundi halafu akazunguka, akiinama hapa, akisikiliza pale, akimkosoa kiongozi wa kikundi pole pole asimwaibishe. Huyu wa mwisho ametwaa kilicho chema kwa Lancaster na kuacha kilicho kibaya. Mbinu ni kama jembe, halilimi peke yake.

Enyi viranja na viongozi wa vikundi, msiufanye uongozi wenu kuwa wa kuandika majina ya wapiga kelele tu. Lancaster aliwapa watoto wa mitaani kazi ya kufundisha, na kwa muda mfupi kila siku mtoto asiye na viatu alisimama mbele ya wenzake akiheshimiwa. Hilo ni jambo kubwa. Mwelezeni mwenzenu, msimcheke, na mkifika mwisho wa mnachokijua, mwinukeni mkamwone mwalimu.

Nanyi walimu wetu, twawaomba msituchoke. Tu wengi, twajua. Lakini kila mmoja wetu ana kwa nini yake.

Kalamu naiweka chini hapa. Elimu ni bahari, haina mwisho. Wassalaam.